Kijana wa Mafalala na Fulana ya Ureno

Leo tutazungumza habari za mpira wa miguu, lakini hatutazungumza kwa kuhesabu mabao tu. Twataka kueleza maisha ya mtu aliyezaliwa Afrika, akaenda Ulaya kucheza mpira kwa mshahara, akavaa fulana ya nchi isiyokuwa ya mama yake, na jina lake likajulikana pande zote za dunia. Mtu huyo ni Eusébio da Silva Ferreira, mwana wa Msumbiji, nchi ya jirani zetu walio ng'ambo ya mto Ruvuma.

Sababu ya kuchagua habari hii tuliipata Busisi. Siku zile daraja la kutoka Kigongo lilikuwa bado kufunguliwa, maana lilifunguliwa mwezi wa Juni, 2025, na kila mtu aliyetoka Mwanza kwenda Sengerema au Geita, au aliyerudi, ilimpasa kungoja kivuko. Basi tulipokuwa tukingoja upande wa Busisi tuliwaona watoto wakicheza chandimu mchangani, karibu sana na maji. Mpira wao ulikuwa wa matambara na mifuko ya nailoni, umekazwa kwa nyuzi za nyavu zilizochakaa. Kila mmoja alikuwa amejipa jina la mchezaji mkubwa wa Ulaya. Mara wawili wakaanza kubishana. Mmoja alisema kwamba mchezaji wake ni Mfaransa. Mwenziwe akasema, la, wazazi wake walitoka Afrika, basi ni wetu. Mzee mmoja aliyekuwa akiuza samaki akacheka, akawaambia, "Wajukuu zangu, ugomvi huo ni wa zamani. Sisi tuligombea Eusébio." Mtoto mmoja akauliza, "Babu, huyo alikuwa wa nani?" Hapo kivuko kikafika, watu wakasukumana kupanda, nasi hatukusikia jibu la mzee. Leo tutajaribu kulijibu swali la mtoto yule.

Eusébio alizaliwa tarehe 25 Januari, 1942, katika mtaa wa Mafalala, pembeni mwa mji wa Lourenço Marques, ambao sasa waitwa Maputo. Mafalala ulikuwa mtaa wa nyumba za mbao na mabati, walimokaa Waafrika waliofanya kazi katika mji wa Wareno bila kuruhusiwa kukaa ndani yake. Baba yake alikuwa mtu wa Angola, mfanyakazi wa reli. Akafariki mtoto angali na umri wa miaka 8. Mama yake, Elisa Anissabeni, akabaki na mzigo wa kuwalea watoto. Shuleni Eusébio hakusifiwa sana, maana aliwaza mpira tu. Yeye na wenzake walichukua soksi kuukuu, wakaijaza makaratasi ya magazeti, wakaifunga, ukawa ndio mpira wao. Timu yao waliiita Wabrazili, na kila mtoto akajipa jina la mchezaji wa Brazil. Mwaona, ninyi watoto wa Busisi, kwamba mchezo wenu wa majina haukuanza jana.

Sasa yafaa tueleze neno moja la sheria, kwa kuwa bila neno hilo habari yote haitafahamika. Mwaka 1951 Serikali ya Ureno ilibadili jina la makoloni yake, ikayaita majimbo ya ng'ambo. Kwa hiyo Msumbiji ikahesabiwa, katika karatasi, kuwa sehemu ya Ureno kama Lisbon yenyewe. Lakini watu wa ndani ya majimbo hayo hawakuwa sawa. Mwafrika aliandikwa kuwa "mwenyeji", na mwenyeji hakuwa raia. Alitozwa kodi yake peke yake, alichukua hati mkononi, na aliweza kukamatwa na kutiwa katika kazi ya shuruti. Aliyetaka kutoka katika hali hiyo ilimpasa kuwaonyesha wakubwa kwamba ajua kusoma na kuandika Kireno, kwamba ana kazi ya kumtosha, na kwamba ameacha desturi za kwao. Waliokubaliwa walikuwa wachache mno kati ya mamilioni.

Katika mpira, hata hivyo, mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Vyama vikubwa vya Lisbon vilikuwa na matawi Lourenço Marques, navyo vilitazama kule kama mwenye shamba atazamavyo mti wake unapoanza kuzaa. Aliyetangulia kupata jina kubwa ni Sebastião Lucas da Fonseca, aliyeitwa Matateu, ambaye alikwenda kuchezea Belenenses mwaka 1951, akawa mfungaji wa kwanza wa Ureno nzima katika msimu wa 1952 na 1953, na tena msimu wa 1954 na 1955. Mwaka 1954 akafuata Mário Coluna, akaingia Benfica. Huyo Coluna mshikeni vema katika kumbukumbu, kwa maana tutarudi kwake.

Eusébio alipokuwa kijana alikwenda kwanza kujaribu bahati katika tawi la Benfica la mjini kwao. Wakamkataa. Ndipo akaenda katika tawi la Sporting, wakampokea, na haukupita muda mrefu mabao yake yakawa habari ya mji mzima. Timu moja ya Brazil ilipopita Lourenço Marques, mwalimu wake, Bauer, aliyekuwa zamani mchezaji wa taifa lake, alimwona kijana huyu akastaajabu. Yasimuliwa kwamba baadaye Bauer alikutana na Béla Guttmann, Mhungari aliyekuwa mwalimu wa Benfica, katika duka la kinyozi mjini Lisbon, akamwambia habari za kijana. Guttmann hakuchelewa. Benfica hawakwenda kuzungumza na tawi la Sporting. Walikwenda Mafalala moja kwa moja kuzungumza na mama, kwa kuwa mwana alikuwa na miaka 18 tu, na kwa sheria ya siku zile hakuweza kufunga mapatano peke yake. Mama Elisa ndiye aliyekubali, na fedha zikapitia kwake.

Mwezi wa Desemba, 1960, kijana akapanda ndege. Benfica waliogopa kwamba Sporting watamteka njiani, hata katika simu zao za siri wakamwita kwa jina la mwanamke, Ruth Malosso. Alipofika Lisbon mabishano ya vyama viwili yakawa makali, wakamficha siku kadhaa katika hoteli kusini mwa nchi, kando ya bahari. Fikirini hali yake: baridi ya Desemba, lugha ya watu wakubwa wanaonong'ona habari zako, nawe hujapiga mpira hata mmoja.

Lakini alikuwa na kitu kimoja mfukoni. Mama yake alikuwa amemwandikia Coluna barua, kumwomba amtunze mwanawe. Coluna alikuwa amemzidi Eusébio kwa miaka 6 na zaidi, naye alikuwa amekwisha kukaa Lisbon miaka sita. Akaipokea barua ile kama mtu apokeavyo amana. Akampeleka kijana kununua nguo, akamwonyesha namna ya kuweka fedha benki, akamfundisha jinsi ya kukaa na watu wa mji ule. Hata walipokuwa wote watu mashuhuri, Eusébio hakumwita kwa jina lake tupu. Alimwita "Bwana Coluna" hadi uzeeni. Twapenda habari hii kuliko mabao mengi, kwa sababu yaonyesha jinsi mama asiyekuwa na neno katika ofisi yoyote ya Serikali alivyompatia mwanawe mlezi katika mji asiopata kuuona.

Yawezekana wengine wenu mwauliza mchezaji wa kulipwa ni mtu wa namna gani. Yeye hutia sahihi mkataba na chama, hupewa mshahara, naye hutoa miguu yake. Lakini mkataba wa siku zile ulifunga upande mmoja zaidi ya wa pili. Mvuvi wa dagaa hapa ziwani, asipopendezwa na tajiri wake, huweza kungoja mwezi uingie giza tena, akapanda mtumbwi wa tajiri mwingine. Mchezaji hakuweza. Uingereza yenyewe, iliyotangulia katika mchezo huu, mpaka Januari, 1961, hakuna mchezaji aliyeruhusiwa kulipwa zaidi ya paundi 20 kwa juma, na chama kiliweza kumzuia asiende kwingine hata muda wa mkataba ukiwa umekwisha. Basi msidhani kwamba aliyeshangiliwa na watu elfu sitini alikuwa bwana wa nafsi yake.

Ugomvi wa Benfica na Sporting ulipokwisha, Eusébio akaruhusiwa kucheza tarehe 23 Mei, 1961, katika mchezo wa kirafiki juu ya Atlético. Akafunga mabao matatu. Tarehe 31 Mei Benfica wakashinda Kombe la Ulaya mjini Bern kwa kuwafunga Barcelona 3 kwa 2, na Coluna alifunga moja, Eusébio hakuwamo. Kesho yake, wakubwa wakiwa bado safarini, Benfica walicheza na Vitória ya Setúbal kwa timu ya akiba, na kijana wetu akacheza kwa mara ya kwanza katika mashindano. Wakapigwa 4 kwa 1. Bao lile moja lilikuwa lake, na penalti aliyopewa akaikosa. Twaitaja siku hiyo kwa kuwa vitabu vingi huiruka.

Majuma mawili baadaye, mjini Paris, Benfica walikutana na Santos, timu ya Pelé. Walipokuwa wamekwisha kufungwa mabao mengi bila kujibu, Guttmann akamwingiza Eusébio. Akafunga matatu. Santos walishinda 6 kwa 3, lakini watu walitoka uwanjani wakiuliza jina la yule aliyeingia nyuma.

Sasa angalieni tarehe. Sheria ile ya wenyeji, tuliyoieleza, ilifutwa na Serikali ya Ureno mwezi wa Septemba, 1961. Tarehe 8 Oktoba mwaka ule ule, Eusébio akaichezea Ureno mara ya kwanza, juu ya Luxembourg. Ureno wakashindwa 4 kwa 2, naye alifunga moja. Kwa hiyo ilipita kama mwezi mmoja tu tangu sheria ilipoacha kuwagawa watu wa Mafalala kuwa raia na wasio raia, na mtoto wa Mafalala akasimama kuimbiwa wimbo wa taifa la Ureno.

Tarehe 2 Mei, 1962, mjini Amsterdam, Benfica waliingia tena katika fainali ya Kombe la Ulaya, juu ya Real Madrid. Puskás aliwafunga mabao matatu kabla ya mapumziko. Coluna akasawazisha, ikawa 3 kwa 3. Kisha Eusébio akafunga mawili, la kwanza kwa penalti, na Benfica wakashinda 5 kwa 3. Kipenga kilipolia hakukimbilia kombe. Alimkimbilia Di Stéfano wa Madrid, aliyemhusudu tangu utoto, kupata fulana yake. Alikuwa na miaka 20. Benfica waliingia fainali nyingine tatu, mwaka 1963, 1965 na 1968, wakashindwa zote. Mwaka 1965 yeye alipewa mpira wa dhahabu, tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya.

Tufike Uingereza, Julai, 1966, katika Kombe la Dunia. Kapiteni wa Ureno alikuwa Coluna. Pamoja naye walikuwamo Eusébio, Hilário, na Vicente Lucas, ndugu wa Matateu. Wote wanne wazaliwa wa Msumbiji. Ureno wakawafunga Hungary, kisha Bulgaria, kisha Brazil, mabingwa wa dunia, ambao Pelé wao alipigwa miguu hata akachechemea.

Ndipo wakakutana na Korea ya Kaskazini, tarehe 23 Julai, mjini Liverpool. Watu walidhani ni kazi nyepesi. Wakorea walifunga bao kabla dakika ya kwanza haijapita, na ilipofika dakika ya 25 walikuwa wamekwisha kufunga matatu. Hapo baadhi ya wachezaji wa Ureno walikuwa wakitazamana tu. Dakika ya 27 Eusébio akafunga. Hakushangilia, aliingia golini, akauokota mpira kwa mikono yake mwenyewe, akakimbia nao mpaka katikati ya uwanja. Kabla ya mapumziko akafunga la pili, kwa penalti. Dakika ya 56 la tatu, mambo yakawa sawa. Muda kidogo baadaye akaukimbiza mpira ubavuni mwa uwanja kwa kasi, wakamwangusha ndani ya eneo la hatari. Akainuka kwa maumivu, akapiga penalti mwenyewe, likawa la nne. José Augusto akaongeza la tano. Ureno 5, Korea 3. Wako waliocheza kwa ufundi zaidi yake, nasi hatubishi; lakini tumetafuta mchezo mwingine wa Kombe la Dunia ambao mtu mmoja aliuchukua hivyo kutoka katika maji ya shingo, hatujauona.

Siku tatu baadaye Waingereza waliwashinda 2 kwa 1, Bobby Charlton akifunga yote mawili na Eusébio akifunga la Ureno kwa penalti. Alitoka uwanjani Wembley akilia, amejifunika uso kwa fulana. Ureno wakapata nafasi ya tatu, na yeye, mwenye mabao 9, akawa mfungaji wa kwanza wa mashindano yote.

Lakini katika mwezi huo huo kulikuwa na habari nyingine, iliyo karibu zaidi na sisi. FRELIMO ilikuwa imeundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni, 1962, Dakta Eduardo Mondlane akiwa kiongozi wake, na tangu tarehe 25 Septemba, 1964, watu wa Msumbiji walikuwa wakipigana na Wareno kwa silaha. Wakimbizi walikuwa wakivuka Ruvuma na kuingia Tanzania. Basi mtu wa nchi hii aliyefuata habari za mpira alijikuta na moyo wa pande mbili. Alifurahi kumwona Mwafrika akiwashinda mabingwa; kisha alitazama fulana, akaona ngao ya Serikali ile ile iliyopeleka askari Cabo Delgado. Nayo Serikali hiyo ilifahamu sana thamani ya picha ile. Ilisema, tazameni, weusi na weupe wamevaa fulana moja, kapiteni wao ametoka Msumbiji. Makoloni ni yapi? Eusébio hakuwa mtu wa siasa, wala hatuwezi kumlaumu kijana wa miaka 24 kwa maneno waliyoyasema wengine juu ya mgongo wake. Lakini wala hatukubali kwamba mabao manne ya Liverpool yalithibitisha lolote juu ya haki ya mtu aliyelimishwa pamba kwa shuruti.

Jambo moja laonyesha alivyohesabiwa. Vyama vya Italia vilimtaka kwa fedha nyingi sana. Eusébio mwenyewe alisimulia mara nyingi kwamba Salazar, mtawala wa Ureno, alikataa asiuzwe, akisema kwamba yeye ni mali ya taifa. Katika Mafalala mama yake hakuhesabiwa kuwa raia kamili mpaka mwanawe alipokuwa na miaka 19. Na sasa mwana amekuwa mali. Hatuoni kama umbali kati ya maneno hayo mawili ni mkubwa sana.

Akabaki Benfica mpaka mwaka 1975. Alichukua ubingwa wa Ureno mara 11, akawa mfungaji wa kwanza wa nchi mara 7, na kwa taifa lile alifunga mabao 41 katika michezo 64. Goti lake la kushoto lilipasuliwa mara nyingi, naye alicheza michezo mingi akiwa na maumivu yaliyofichwa kwa sindano. Alipotoka Benfica alikwenda Marekani, Mexico na Kanada, akachukua ubingwa wa Amerika ya Kaskazini mwaka 1976 akiwa Toronto. Akarudi Ureno katika vyama vidogo, akitembea zaidi kuliko kukimbia. Hiyo ndiyo sehemu ya maisha ya mchezaji wa kulipwa ambayo watoto hawajipi jina lake.

Mwaka ule ule wa 1975, tarehe 25 Juni, Msumbiji ilipata uhuru. Ndipo kila mmoja wa wale waliotoka Lourenço Marques alipopaswa kuamua swali la mtoto wa Busisi kwa nafsi yake, nao hawakuamua sawasawa. Matateu alihamia Kanada, akafariki huko mwaka 2000. Coluna alirudi Msumbiji, akaongoza chama cha mpira cha nchi yake. Eusébio alibaki Lisbon, akaenda Maputo mara kwa mara kama mgeni apendwaye, na Mafalala wakamlaki kama mtoto aliyerudi nyumbani.

Alifariki Lisbon tarehe 5 Januari, 2014. Serikali ya Ureno ikatangaza siku tatu za maombolezo, jeneza lake likazungushwa katika uwanja wa Benfica, na mwaka 2015 mwili wake ukahamishiwa katika jengo wanamozikwa wakuu wa taifa lile. Siku 51 baada ya kifo chake, tarehe 25 Februari, Bwana Coluna, yule aliyeipokea barua ya Mama Elisa, akafariki mjini Maputo.